Treiti hutambulishwa, haiagizwi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako tukufu ili nimjibu msomaji mwenzangu, mzazi anayeishi Tabata, ambaye barua yake ilichapishwa juma lililopita. Alisikitika kwamba kijana wake anayejifunza kuandika programu kwa lugha ya Rust alipoteza jioni mbili kwa sababu ya mstari mmoja ambao, kwa maneno ya mzazi huyo, ulimtaka "aagize kutoka nje kitu ambacho tayari kimo ndani". Alihitimisha kwamba kanuni hiyo ni usumbufu tu wa watunga lugha, na kwamba vijana wetu waanze na lugha zisizo na masharti ya namna hiyo. Mimi hufundisha programu nyakati za jioni hapa Kijitonyama, na kosa alilolieleza nimeliona katika kila kundi nililowahi kulipokea. Maumivu ya kijana nayakubali yote. Hukumu ya mzazi siikubali, na naamini chanzo chake ni neno moja, nalo ni hilo "kuagiza", ambalo sisi walimu ndio tuliowapa vijana.

Kwa wasomaji ambao si watu wa fani hii, niseme kwa kifupi kwamba Rust ni lugha ya kuandikia programu za mifumo, yaani zile zinazokaa karibu na mashine yenyewe: kiini cha mfumo endeshi, programu zinazoendesha vifaa, seva zinazohudumia maombi mengi kwa wakati mmoja. Ilianzishwa na Graydon Hoare mwaka 2006 kama kazi yake binafsi, Mozilla ikaanza kuidhamini mwaka 2009, na toleo la 1.0 likatoka tarehe 15 Mei 2015. Mnamo Desemba 2022, kiini cha Linux, ambacho kwa miongo mitatu kiliandikwa kwa lugha ya C na asembli, kilitoka katika toleo la 6.1 kikiwa kimeipokea Rust kwa mara ya kwanza. Kijana wa Tabata anayejifunza lugha hii leo anajifunza jambo lenye kazi mbele yake, na ndiyo maana sipendi aambiwe aiache kwa sababu ya mstari mmoja ambao hakuelezwa.

Katika lugha hii kila thamani ina aina yake. Namba ina aina, maandishi yana aina, faili lililofunguliwa lina aina. Aina huwa na methodi, yaani kazi zinazoitwa kwa kuweka nukta baada ya jina la thamani na kutaja kazi inayotakiwa. Methodi hizo hutoka sehemu mbili. Zipo ambazo aina imeandikiwa yenyewe na walioiunda, na hizo huitwa popote aina ilipo. Zipo pia zinazotoka kwenye treiti, na treiti ni mkataba: ni orodha ya methodi ambazo kila aina inayoukubali mkataba huahidi kuzitimiza. Treiti iitwayo Write, kwa mfano, ni mkataba wa vitu vinavyoweza kuandikiwa. Faili limeukubali, muunganisho wa mtandao umeukubali, na mkondo unaopeleka maandishi kwenye skrini umeukubali vilevile. Kanuni inayolalamikiwa ni kwamba methodi ya treiti haiitwi kwa nukta mpaka treiti yenyewe iwe imeletwa katika mawanda, yaani eneo ambamo jina linaonekana, ya mahali pale inapoitwa.

Nachukua mfano wa kijana mwenyewe, kwa kuwa barua ya mzazi ilieleza vya kutosha kunifanya niutambue. Aliandika programu ndogo ya kuhesabia chenji ya duka. Programu iandike "Ingiza kiasi:" kwenye skrini, isubiri muuzaji aandike namba, kisha iendelee. Alipoiendesha, maneno hayakuonekana. Skrini ilikaa tupu mpaka namba ilipoandikwa, ndipo maneno yakatokea yakiwa yamechelewa. Hilo si kosa la kijana. Mkondo wa skrini huyaweka maandishi katika bafa, yaani hifadhi ya muda, mpaka mstari ukamilike, na kwa kuwa yeye alitaka namba iandikwe kwenye mstari uleule wa swali, mstari haukuwa umekamilika. Dawa yake ni kuuamuru mkondo umwage kilichomo, kwa methodi ya flush. Akaandika io::stdout().flush(), na kompaila, yaani programu inayokagua alichoandika na kukigeuza kuwa lugha ya mashine, ikamkatalia kwa kosa namba E0599, ikimwambia kwamba hakuna methodi ya jina hilo katika mawanda ya sasa.

Hapa ndipo ninapomwelewa sana kijana huyu, na naomba mzazi wake anisome kwa utulivu. Mstari wa pili baada ya ule, kijana alikuwa ameandika io::stdin().read_line ili kusoma namba ya muuzaji, na mstari huo kompaila iliupokea bila neno. Mistari miwili yenye sura moja, yote ikianza na io, yote ikihusu kuwasiliana na mtumiaji, mmoja unakubaliwa na mwingine unakataliwa. Mtu asiyejua sababu ataiona lugha kuwa na upendeleo. Sababu ni kwamba read_line ni methodi ambayo mkondo wa kusomea umeandikiwa wenyewe, ilhali flush ni ya treiti ya Write. Siku kijana atakapotaka kusoma mistari mingi kwa kuufunga kwanza mkondo huo kwa lock na kuuita lines, atakutana na kosa lilelile upande wa kusoma, kwa sababu lines ya mkondo uliofungwa hutoka katika treiti ya BufRead. Kwa macho mambo haya hayatofautishiki. Hutofautishwa kwa kujua methodi ni ya nani, na hilo ndilo somo ambalo kijana hakupewa.

Sasa nirudi kwenye neno. Walimu wengi hapa mjini, na mimi nilikuwa mmoja wao, tumezoea kusema kwamba mstari wa use, yaani ule unaoanza na neno use na kutaja treiti inayotakiwa, ambao ndio uliomsumbua kijana, "unaagiza" treiti. Katika jiji lenye bandari neno hilo lina picha yake, na picha hiyo ni ya kontena: kitu hakikuwepo nchini, kikaagizwa, kikashushwa gatini, kikalipiwa ushuru, sasa kipo. Kijana akisikia hivyo huamini kwamba kabla ya mstari ule mkondo wa skrini haukuwa na uwezo wa kumwaga bafa, na kwamba mstari umeuletea uwezo huo kutoka mahali fulani. Akiamini hivyo, ana haki ya kuuliza anachokiuliza mzazi wake: kwa nini niagize kilichomo ndani? Swali ni sahihi kabisa, na jibu lake ni kwamba hakuna kinachoagizwa. Mkondo wa skrini umeukubali mkataba wa Write tangu maktaba ya kawaida ya lugha, yaani msimbo ulioandikwa tayari unaokuja na lugha, ilipoandikwa, na umeukubali katika kila programu, iwe na mstari wa use au isiwe nao. Mstari ule hauongezi chochote katika programu inayotoka mwishoni. Kazi yake yote ni kuiambia kompaila kwamba, hapa mahali, unapotafuta methodi baada ya nukta, angalia pia katika treiti hii.

Picha inayofaa tunayo, na kila Mtanzania anaijua, kwa kuwa hakuna kikao cha Kitanzania kinachoanza bila utambulisho. Mama aliyeketi safu ya nyuma ni daktari kabla ya kikao na atabaki daktari baada yake. Udaktari wake haukuletwa na mshereheshaji. Lakini mpaka atambulishwe, wajumbe wa kikao kile hawana njia ya kumgeukia na kusema "Daktari, tusaidie", kwa sababu katika ukumbi ule hakuna anayemjua kwa cheo hicho. Mistari ya use iliyoandikwa juu ya faili ni utambulisho huo. Na kama utambulisho wa ukumbi mmoja usivyovuka kwenda ukumbi wa jirani, vivyo hivyo treiti iliyoletwa katika moduli moja, yaani sehemu moja ya programu, haionekani katika moduli nyingine, hata kama moduli hiyo ya pili imeandikwa ndani ya ile ya kwanza. Vijana wangu wengi hugundua hili wanapoandika majaribio ya programu zao katika moduli ya ndani na kuona methodi iliyofanya kazi mistari kumi juu ikikataliwa. Mstari huo unaweza hata kuandikwa ndani ya kazi moja tu, yaani kipande kimoja cha programu kinachoitwa kwa jina lake, na hapo treiti itaonekana katika kazi hiyo peke yake, jambo ambalo binafsi nalipenda pale treiti inapohitajika mara moja katika faili refu.

Anayetaka ushahidi kwamba uwezo upo kabla ya utambulisho anaweza kuufuta mstari wa use na kuandika std::io::Write::flush(&mut std::io::stdout()), yaani kuiita methodi kwa jina lake kamili kuanzia maktaba, treiti, hadi methodi yenyewe. Kompaila itakubali. Hakuna kilicholetwa, na mkondo umemwaga bafa yake. Ushahidi wa pili unapatikana katika kazi zinazopokea aina yoyote ile ilimradi imeukubali mkataba fulani: ukiandika katika tangazo la kazi kwamba itapokea kitu chochote chenye std::io::Write, basi ndani ya kazi hiyo unaita flush kwa nukta bila mstari wa use, kwa kuwa tangazo lenyewe limeshasema mgeni anakuja kwa cheo gani. Ni kama barua ya mwaliko iliyoandikwa "Daktari" kwenye bahasha. Mshereheshaji hana haja ya kurudia.

Mzazi anaweza kuniuliza: haya, uwezo upo, mbona kompaila isiuone yenyewe tu? Inajua treiti zote, na katika ujumbe wake wa kosa humtajia mwanafunzi treiti yenye methodi hiyo, ikisema kwamba imetekelezwa lakini haimo katika mawanda, na ikampa hata mstari wa kuandika. Ikiwa inajua kiasi hicho, kwa nini isimalize kazi? Hili ni swali zuri kuliko lile la kwanza, na ninalichukulia kwa uzito.

Rust huruhusu maktaba yangu iipe treiti yangu hata aina ambayo sikuiunda mimi. Naweza kuandika treiti yenye methodi ya safisha na kuitekeleza kwa ajili ya String, aina ya maandishi ya lugha yenyewe. Nisichoruhusiwa ni kuipa treiti ya mtu mwingine aina ya mtu mwingine. Lazima kimojawapo kiwe changu. Uhuru huu ni mkubwa na ndio uliozaa maktaba nyingi nzuri, lakini tazama matokeo yake. Mwenzangu wa Arusha anaandika maktaba yake, naye anaipa String methodi ya safisha. Yangu huondoa nafasi tupu, yake huondoa alama za lafudhi. Kijana wa Tabata anazitumia maktaba zote mbili katika programu moja, moja kwa kusoma majina ya wateja na nyingine kwa kutafuta katika orodha. Kama kila methodi ya kila treiti ingeonekana kila mahali, kila safisha katika programu yake ingekuwa na maana mbili. Tena mgongano huo usingehitaji yeye abadilishe hata herufi moja. Ingetosha mimi kuongeza methodi hiyo katika toleo jipya la maktaba yangu, na programu yake iliyokuwa ikifanya kazi jana ingekataa leo. Kwa kanuni iliyopo, moduli ya majina inaitambulisha treiti yangu, moduli ya kutafuta inaitambulisha yake, na msomaji wa msimbo huona juu ya faili safisha inayosemwa ni ya nani.

Jambo hili limewahi kutokea hadharani katika lugha isiyo na ulinzi huo. Katika JavaScript, maktaba iitwayo MooTools ilikuwa imeziongezea orodha zote methodi ya flatten, na methodi hiyo ilionekana na kila msimbo wa ukurasa uliotumia maktaba hiyo. Mwaka 2018, kamati inayosimamia lugha ilipokuwa ikiandaa methodi rasmi ya jina hilohilo, ilibainika kwamba tovuti za zamani zilizotegemea maktaba ile zingevunjika, na mjadala ukaishia kwa methodi rasmi kupewa jina la flat. Lugha nzima ililazimika kubadilisha jina la kitu chake kwa ajili ya nyongeza iliyofanywa na maktaba moja miaka mingi kabla.

Mzazi alipendekeza lugha zisizo na sharti hili. Zipo, lakini gharama zimelipwa mahali pengine. Go, iliyotangazwa mwaka 2009, haidai utambulisho wa namna hii kwa sababu haikuruhusu hata kidogo kuongeza methodi kwenye aina iliyoundwa katika pakiti nyingine. Mlango umefungwa, kwa hiyo hakuna haja ya bawabu. C#, ilipoanzisha methodi za nyongeza katika toleo lake la 3.0 mwaka 2007, iliweka kanuni inayokaribiana sana na hii ya Rust: methodi hizo hazionekani mpaka eneo la majina zinamokaa litajwe juu ya faili. Kijana akiikimbia kanuni hii Tabata ataikuta Ubungo.

Niongeze suala la majina, kwa sababu ndilo lililonipotezea mimi mwenyewe siku nzima nilipokuwa mwanafunzi. Maktaba ya kawaida ya Rust ina treiti mbili zinazoitwa Write. Moja ni std::io::Write, ya kuandika baiti kwenye faili, mtandao na skrini. Nyingine ni std::fmt::Write, ya kuandika maandishi, na ndiyo ambayo String imeikubali. Wakazi wa Dar es Salaam wataelewa haraka, kwa kuwa tuna Mbezi zaidi ya moja. Anayekwenda kupanda basi la mkoani katika kituo cha Magufuli, kilichopo Mbezi Luis kando ya Barabara ya Morogoro, akisema tu "nipelekeni Mbezi", anaweza kufikishwa Mbezi Beach, kando ya Barabara ya Bagamoyo, na basi lake likaondoka. Nilitaka kuandika ndani ya String kwa makro (ufupisho ambao kompaila huupanua) ya write!, nikaleta Write ya io, na kompaila ikaendelea kunikatalia huku mimi nikiapa kwamba Write nimeshaileta. Sikujua kwamba makro ile hugeuzwa kuwa wito wa methodi ya write_fmt, methodi ambayo sikuwa nimeiandika popote kwa mkono wangu, na kwamba write_fmt niliyoihitaji ilikuwa ya Write nyingine.

Faili likihitaji zote mbili, kuzileta kwa jina lilelile hukataliwa kwa kosa E0252. Tangu toleo la 1.33 la mwaka 2019 kuna njia safi ya kutoka hapo, nayo ni kuandika use std::fmt::Write as _, ambapo alama ya mstari wa chini huiingiza treiti katika mawanda bila kuipa jina lolote. Methodi zake zinaonekana baada ya nukta, jina lake halichukui nafasi ya mtu. Nauthamini sana mstari huu darasani, kwa sababu unavunja kabisa picha ya kontena: hapa hata jina halikuja, na bado methodi zinaitika. Ikitokea aina moja imezikubali treiti mbili zilizomo katika mawanda, zenye methodi ya jina moja, kompaila hukataa kubahatisha, hutoa kosa E0034, na kumtaka mwandishi aite kwa jina kamili. Naiona hiyo kuwa adabu njema.

Nisije nikaonekana kuitetea lugha kwa kila jambo. Zipo treiti ambazo hazihitaji kutambulishwa, kwa kuwa zimo katika kile kinachoitwa utangulizi, ambacho huletwa katika kila moduli bila kuandikwa: Iterator, Clone, ToString, From, Into, Default na nyingine chache. Ndiyo maana to_string hufanya kazi tangu siku ya kwanza na mwanafunzi akadhani mambo yote ni hivyo. Kikaoni nako mwenyekiti na katibu hawatambulishwi kila mara, lakini mgeni hujua kwamba hao ndio wenyeji. Mwanafunzi hajui, mpaka aambiwe. Orodha hiyo hubadilika pia. Edisheni ya 2021, yaani awamu ya kanuni za lugha ambayo programu huichagua yenyewe, iliyotoka na toleo la 1.56 mwezi Oktoba mwaka huo, iliongeza TryFrom, TryInto na FromIterator, na nyongeza hiyo ilisubiri edisheni mpya kwa sababu zilikuwepo programu zenye methodi zao za try_into ambazo zingegongana nayo. Vilevile, kwa kuwa Iterator imo katika utangulizi, methodi mpya ikiongezwa ndani yake inaweza kugongana na ya jina hilo katika maktaba maarufu ya itertools, na methodi ya intersperse imekwama kwa sababu hiyo. Kanuni inapunguza migongano, haijaimaliza.

Lawama nyingine ninayoikubali ni ya nyaraka. Mwanafunzi akisoma ukurasa wa aina fulani huona methodi zote zimepangwa, na asipoangalia kwamba nyingine zimo chini ya sehemu ya utekelezaji wa treiti, huziita zote kwa namna moja. Macho hayo hufundishwa. Mimi huwataka vijana, kabla ya kuita methodi yoyote wasiyoizoea, wanitajie kwa sauti ni ya aina yenyewe au ya treiti, na kama ni ya treiti, ya treiti ipi. Juma la kwanza wanachoka. Juma la tatu hawaulizwi tena.

Ujumbe wa kompaila wenyewe, pamoja na wema wake, umekuwa sehemu ya tatizo katika madarasa yetu. Unampa mwanafunzi mstari tayari, ananakili, kosa linatoweka, naye anaendelea bila kujua kilichotokea. Kijana wa namna hiyo hujenga desturi ya kuleta kila kitu kwa alama ya nyota ili asisumbuliwe, na baada ya miezi miwili hakuna anayeweza kusema methodi fulani katika faili lake inatoka wapi. Katika miezi mitatu ya kwanza siruhusu nyota darasani kwangu, isipokuwa std::io::prelude::*, ambayo huleta treiti nne tu za kusoma na kuandika, na hata hiyo naomba wanitajie zote nne kabla ya kuitumia: Read, Write, BufRead na Seek.

Zoezi ninalolitoa ni dogo, na walimu wenzangu wa Sinza, Mwenge na kwingineko wakilipenda walichukue. Mwanafunzi anaandika programu ileile ya chenji na kuiendesha ikiwa kamili. Kisha anafuta mstari wa use, anasoma ujumbe wa kosa kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kuueleza kwa Kiswahili. Halafu, bila kuurudisha mstari, anaifanya programu iende kwa kuita methodi kwa jina kamili. Mwisho anaurudisha mstari, safari hii ndani ya kazi moja tu, na kueleza kwa nini kazi nyingine katika faili hilohilo haioni. Dakika arobaini zinatosha. Wala bando halihitajiki, jambo ambalo kwa vijana wetu si dogo: maelezo ya kosa yamo ndani ya kompaila yenyewe na husomwa kwa kuandika rustc --explain E0599, na nyaraka za maktaba ya kawaida, zikiwa zimesakinishwa pamoja na lugha kama ilivyo kawaida, hufunguka kwa amri ya rustup doc hata intaneti ikiwa imekatika.

Kuhusu istilahi, natumia "mawanda" kwa sababu neno hilo tayari lina makazi. Kila mwanafunzi aliyeandika tasnifu kwa Kiswahili ameandika sehemu ya mawanda ya utafiti, na maana yake ya eneo ambamo jambo linahusika ndiyo hasa tunayoihitaji. "Treiti" nimeiacha katika umbo la mkopo. Wapo wanaosema "sifa", na sina ugomvi nao, ila sifa kwa Kiswahili ni kitu ambacho mtu huonekana nacho popote aendapo, na hapo ndipo mwanafunzi anaporudi kwenye swali la kwa nini asiione. Kwa mstari wa use napendekeza "kutambulisha" au "kuleta katika mawanda". BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa) na TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili) wana wataalamu wa kuamua haya vizuri kuniliko, na ningefurahi suala hili likifika mezani kwao, kwa kuwa istilahi ya kompyuta ikichaguliwa bila kumtazama mwanafunzi aliye mbele ya skrini humgharimu jioni mbili, kama tulivyoona.

Mwisho naomba sahihisho moja, Ndugu Mhariri. Katika barua ya juma lililopita mstari uliomsumbua kijana ulichapwa ukiwa na nukta pacha moja kila mahali, na bila alama ya mwisho. Kijana yeyote aliyeunakili kutoka gazetini amekataliwa kwa kosa jingine kabisa. Mstari sahihi una nukta pacha mbili zinazofuatana kila mahali, herufi kubwa W, na nukta mkato mwishoni, nao husomeka hivi:

use std::io::Write;

Mwalimu wa programu,
Kijitonyama, Dar es Salaam